ISTILAHI NA HAKI YA MTAHINIWA: MFANO WA MITIHANI YA KUAJIRI POLISI NCHINI INDIA

Utangulizi

Mara nyingi kazi ya kusanifu istilahi huzungumzwa kana kwamba ni kazi ya makamusi peke yake. Neno likishatungwa, likajadiliwa katika kamati, likakubaliwa na kuchapishwa, watu hudhani kuwa safari yake imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba safari ya neno haiishii hapo. Neno huendelea mpaka likafika mbele ya mtu anayelihitaji, na pengine mtu huyo ameketi katika chumba cha mtihani, saa inakwenda, na ajira yake inategemea kama analielewa au halielewi.

Mfano tuliouchagua ni wa mitihani ya kuajiri polisi nchini India, na hasa ile sehemu iitwayo maarifa ya jumla. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, India ni nchi ya lugha nyingi. Nyongeza ya Nane ya Katiba yake inataja lugha 22. Nchi ya namna hiyo haiwezi kutunga swali hata moja la mtihani wa taifa bila ya kuamua kwanza litaulizwa kwa lugha gani na kwa maneno gani. Pili, wafasiri na walimu wetu hukutana mara kwa mara na istilahi za utawala, sheria na jiografia ya India, na aghalabu kila mtu huzitafsiri kwa namna yake. Yafaa basi tuzitazame pamoja.

Hoja yetu kuu ni hii: swali la maarifa hupima maarifa pale tu ambapo mtahiniwa anayajua maneno ya swali lenyewe. Asipoyajua, swali hilo limegeuka kuwa mtihani wa lugha, ingawa halikuitwa hivyo.

1. Mtihani wenyewe

Katika Nyongeza ya Saba ya Katiba ya India, madaraka yamegawanywa katika orodha tatu: mambo ya Muungano, mambo ya majimbo, na mambo ya pamoja. Polisi wamo katika orodha ya majimbo. Msomaji wa Tanzania hana budi kuwa mwangalifu hapa, kwa kuwa katika Katiba yetu polisi ni jambo la Muungano. Kila jimbo la India, basi, lina polisi wake, na huajiri konstebo wake kwa utaratibu wake. Serikali kuu nayo inavyo vikosi vyake vya silaha vya kulinda mipaka, viwanda na usalama wa ndani. Konstebo wa vikosi hivyo hupatikana kwa mtihani wa taifa zima. Maofisa wa ngazi za juu wa polisi hupatikana kwa njia ya tatu, yaani mtihani mkuu wa utumishi wa umma.

Ili msomaji apate picha ya ukubwa wa jambo hili, tutazame jimbo la Uttar Pradesh. Bodi ya kuajiri polisi ya jimbo hilo ilitangaza nafasi 60,244 za konstebo, na mtihani ukafanywa tarehe 17 na 18 Februari 2024. Walioomba walikuwa zaidi ya milioni 4.8, yaani watu wapatao 80 kwa kila nafasi moja. Siku chache baadaye serikali ya jimbo iliufuta mtihani huo kwa sababu ya uvujaji wa maswali, na watahiniwa wakaitwa upya mwezi Agosti mwaka huo huo. Karatasi ilikuwa na maswali 150 yenye jumla ya alama 300, nayo ilipaswa kumalizwa kwa saa mbili. Kati ya maswali hayo, 38 yalikuwa ya maarifa ya jumla. Yaliyobaki yalikuwa ya lugha ya Kihindi, hesabu, na kufikiri kwa mantiki. Jibu sahihi lilimpatia mtahiniwa alama 2, na jibu lisilo sahihi lilimkata nusu alama.

Tuipime hesabu hiyo. Mtahiniwa anayelijua jambo lakini akateleza kwa sababu ya neno hupoteza alama 2 alizostahili, kisha hukatwa nusu alama juu yake. Tofauti ni alama 2.5 kwa swali moja. Mahali ambapo watu 80 wanagombea nafasi moja, alama 2.5 si jambo dogo.

Maarifa ya jumla katika mitihani hii yana mipaka inayojulikana: historia ya India na mapambano ya uhuru, Katiba na utawala, jiografia, sayansi ya msingi, uchumi, michezo na tuzo, na matukio ya karibuni. Kwa hiyo vijana hufanya mazoezi kwa kutumia vitabu vyenye maelfu ya maswali mafupi na majibu manne manne. Wengi hutoka vijijini na wamesoma shule za lugha ya jimbo lao. Wanachokijua wamekijua kwa lugha hiyo.

2. Lugha ya mtihani

Kwa miaka mingi mtihani wa konstebo wa vikosi vya serikali kuu ulifanywa kwa Kihindi na Kiingereza tu. Mwezi Aprili 2023 jambo hili lilileta mjadala mkubwa. Kikosi kimoja cha polisi wa akiba wa serikali kuu kilitangaza nafasi 9,212, na kati ya hizo 579 zilipangiwa kujazwa kutoka jimbo la Tamil Nadu. Waziri Kiongozi wa jimbo hilo, M. K. Stalin, aliiandikia serikali kuu akilalamika kwamba kijana wa Tamil Nadu hawezi kuufanya mtihani huo kwa lugha ya mama hata katika jimbo lake mwenyewe; na zaidi ya hayo, alama 25 kati ya 100 zilikuwa za kupima ufahamu wa Kihindi, jambo lililompa nafuu yule aliyezaliwa katika lugha hiyo.

Mwezi huo huo Wizara ya Mambo ya Ndani ya India ilitangaza kwamba mtihani wa konstebo wa vikosi vyake utafanywa pia kwa lugha 13 nyingine: Kiasamia, Kibengali, Kigujarati, Kimarathi, Kimalayalam, Kikannada, Kitamil, Kitelugu, Kiodia, Kiurdu, Kipunjabi, Kimanipuri na Kikonkani. Mtihani wa kwanza wa namna hiyo ulianza tarehe 10 Februari 2024 na kumalizika tarehe 7 Machi, katika miji 128.

Wapenda lugha walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mfasiri anajua kwamba siku uamuzi kama huo unapotangazwa ndipo kazi inapoanza. Swali lililotungwa kwa lugha moja sasa litasomwa kwa lugha 15. Ikiwa katika mojawapo ya lugha hizo neno limekosewa, au neno limetungwa ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kulifundisha, mtahiniwa wa lugha hiyo amepewa haki kwa mkono mmoja akanyang'anywa kwa mkono wa pili.

Hapa yafaa kusema neno moja kuhusu jina la lugha. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili, "Kihindi" huwa ni lugha yoyote isemwayo na Wahindi, ingawa wengi wa Wahindi wa Afrika Mashariki asili yao ni wasemaji wa Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi. Katika maandishi rasmi tunapendekeza "Kihindi" kitumike kwa ile lugha moja tu inayotajwa katika Kifungu cha 343 cha Katiba ya India kuwa lugha rasmi ya Muungano, na lugha nyingine ziitwe kwa majina yake.

3. Neno lililosanifiwa na neno linalojulikana

India ilianza mapema kazi tunayoifanya sisi. Mwaka 1961, miaka sita kabla ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa sheria nchini Tanzania, serikali ya India iliunda Tume ya Istilahi za Sayansi na Ufundi. Tume hiyo imetoa faharasa nyingi sana. Katika kutunga maneno ilipendelea mizizi ya Kisanskriti, kwa hoja kwamba mizizi hiyo inafahamika katika lugha nyingi za India, na kwamba neno lililotokana nayo litaweza kusafiri kutoka jimbo hadi jimbo. Hoja hiyo ina nguvu yake. Lakini ina gharama pia, na mfano wake unapatikana katika cheo chenyewe cha konstebo.

Katika matangazo rasmi ya ajira ya Uttar Pradesh, konstebo huitwa "arakshi", neno linalotokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kulinda. Mitaani na vijijini mtu huyo huyo huitwa "sipahi", neno lenye asili ya Kiajemi ambalo limekuwa katika vinywa vya watu kwa karne nyingi. Mwombaji wa kazi hupaswa kujua kwamba arakshi anayetafutwa na tangazo ni sipahi anayemwona kila siku barabarani. Kwa neno hili hakuna hatari kubwa, maana kila mwombaji amekwisha kulizoea. Hatari ipo pale ambapo neno rasmi linatokea katika swali kwa mara ya kwanza.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba neno la zamani daima ni jepesi na neno jipya daima ni gumu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Delhi iliwataka polisi wa mji huo waache kuandika taarifa za makosa kwa maneno ya Kiurdu na Kiajemi ambayo mlalamikaji hayaelewi. Maneno yaliyoorodheshwa yalifika 383. Hayo yalikuwa maneno ya kale, yaliyorithiwa na makarani wa vituo vya polisi kizazi kwa kizazi. Polisi wenyewe waliyaandika kwa mazoea. Hapa kosa lilikuwa la kinyume: neno lilikuwa la zamani, lakini lilikuwa limebaki kuwa mali ya ofisi peke yake. Kipimo cha neno, basi, si umri wake wala asili yake. Kipimo ni kama yule anayehusika nalo analijua.

Kosa la aina ya tatu ni la mfasiri mwenyewe. Mwaka 2014 kulitokea maandamano mjini Delhi kuhusu mtihani mkuu wa utumishi wa umma, ambao ndio pia unaotoa maofisa wa polisi. Watahiniwa waliosoma kwa Kihindi walilalamika kwamba tafsiri za maswali zilikuwa hazieleweki. Mfano ulioenea sana magazetini ulikuwa wa kiwanda cha chuma. Neno la Kiingereza lililotumika lina maana mbili, kiwanda na mmea. Na katika Kihindi, kama walalamikaji walivyoeleza, likawa mmea wa chuma. Mtu anaweza kucheka, lakini aliyekuwa ndani ya chumba cha mtihani hakucheka. Baada ya malalamiko hayo serikali iliamua kwamba alama za sehemu ya Kiingereza zisihesabiwe katika kupanga washindi, na mwaka uliofuata karatasi yote ya pili ikafanywa kuwa ya kufaulu tu, bila ya alama zake kuingia katika jumla.

4. Tukiyatafsiri maswali haya kwa Kiswahili

Sasa tujipime sisi wenyewe. Tutachukua maswali machache ya aina inayopatikana katika vitabu vya mazoezi vya India, tuone Kiswahili kinatosheleza wapi na kinahitaji uangalifu wapi.

(a) Katiba na utawala

Swali: Katiba ya India ilianza kutumika tarehe gani? Majibu: 26 Januari 1930, 15 Agosti 1947, 26 Novemba 1949, 26 Januari 1950.

Jibu sahihi ni 26 Januari 1950. Tarehe ya kwanza ni siku ambayo wapigania uhuru waliiadhimisha kuwa siku ya uhuru kamili. Ya pili ni siku ya uhuru wenyewe. Ya tatu ni siku ambayo Bunge la Katiba liliipitisha Katiba. Swali lote limesimama juu ya tofauti kati ya "kupitishwa" na "kuanza kutumika". Mfasiri akiandika kwa uvivu "Katiba ya India ilipatikana lini?", swali litakuwa na majibu mawili yanayoweza kutetewa, na mtahiniwa aliyesoma vizuri zaidi ndiye atakayetatizika zaidi.

Swali: Nani huongoza vikao vya Rajya Sabha?

Jibu ni Makamu wa Rais wa India, ambaye kwa mujibu wa Kifungu cha 64 ndiye mwenyekiti wa baraza hilo. Baraza la pili, Lok Sabha, huongozwa na Spika. Mfasiri wetu, kwa mazoea ya bunge lenye chumba kimoja, huweza kuwaita wote wawili "Spika", na hapo ameliharibu swali. Tunapendekeza "Mwenyekiti" kwa Rajya Sabha na "Spika" kwa Lok Sabha. Majina ya mabaraza yenyewe yabaki kama yalivyo, yakifuatwa mara ya kwanza na maelezo: Rajya Sabha, yaani Baraza la Majimbo, Lok Sabha, yaani Baraza la Wananchi.

Cheo cha mkuu wa serikali ya jimbo huandikwa mara "Waziri Mkuu wa jimbo", mara "Waziri Mkuu" tu. Namna hii ya pili ni hatari, maana India inaye Waziri Mkuu mmoja. Kiswahili kinalo neno lililo tayari: "Waziri Kiongozi", cheo kilichokuwapo Zanzibar hadi mwaka 2010. Neno hili lina maana ile ile ya kiongozi wa mawaziri katika sehemu moja ya muungano. Hatuna sababu ya kulitafuta jingine.

Kadhalika, "haki za msingi" na "wajibu wa msingi" zisichanganywe. Haki za msingi zilikuwamo katika Katiba tangu mwanzo, katika Sehemu ya Tatu. Wajibu wa msingi uliongezwa mwaka 1976 kwa mabadiliko ya 42. Ni swali la mara kwa mara, na hukosewa na wengi kwa sababu ya kusoma haraka.

Istilahi nyingine yenye mtego ni ile ya sehemu za nchi. Tangu Januari 2020 India ina majimbo 28 na maeneo 8 yasiyo majimbo ambayo yako chini ya serikali kuu. Baadhi ya wafasiri huyaita "maeneo ya Muungano". Si kosa, lakini majimbo nayo yamo ndani ya Muungano, na msomaji ataduwaa. "Maeneo ya Serikali Kuu" ni wazi zaidi.

(b) Jiografia na sayansi

Swali: Mto mrefu kuliko yote katika rasi ya India ni upi? Jibu: Godavari.

Kiswahili hutumia "rasi" kwa vitu viwili: nchi kubwa iliyozungukwa na bahari pande tatu, kama tusemavyo Rasi ya Uarabuni, na ncha ya nchi inayojitokeza baharini, kama Rasi ya Tumaini Jema. Karatasi ikiwa na swali hili na swali jingine juu ya Kanyakumari, iliyo ncha ya kusini ya bara la India, neno moja litafanya kazi mbili. Tunapendekeza kwamba katika mitihani "rasi" itumike kwa nchi, na "ncha" kwa ncha. Neno "ghuba" lina shida ya namna hiyo hiyo, maana tunasema Ghuba ya Bengal na pia Ghuba ya Mannar, ingawa lugha nyingine zina majina mawili tofauti. Lakini hapa jina la mahali linatosha kutofautisha, na haifai kubuni neno pasipo na haja.

Katika sayansi tuna utajiri tusioujali. Swali juu ya ugonjwa unaoletwa na upungufu wa vitamini C hujibiwa kwa neno "kiseyeye", na lile juu ya uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa madini ya joto hujibiwa kwa neno "rovu". Haya si maneno yaliyotungwa na kamati. Mwalimu anayeandika majina ya kigeni badala yake anamnyima mwanafunzi neno alilorithi kwa babu zake.

(c) Sheria

Sehemu hii inatuhusu kwa namna ya pekee. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 haikutumika India peke yake. Waingereza waliileta pia Afrika Mashariki, na ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika mpaka nchi hizo zilipowekewa kanuni zake mwaka 1930. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 nayo iliendelea kutumika Tanganyika mpaka Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilipochukua nafasi yake. Ndiyo maana istilahi zetu nyingi za mahakama zina ndugu zake huko.

Tarehe 1 Julai 2024 India iliziondoa sheria hizo za zamani na kuanza kutumia tatu mpya: Bharatiya Nyaya Sanhita kwa makosa na adhabu, Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita kwa mwenendo wa mashtaka, na Bharatiya Sakshya Adhiniyam kwa ushahidi. Kwa mtahiniwa wa polisi mabadiliko haya si jambo dogo. Adhabu ya kuua kwa kukusudia iliyokuwa katika Kifungu cha 302 sasa iko katika Kifungu cha 103. Udanganyifu uliokuwa katika Kifungu cha 420, namba iliyokuwa imekwisha kugeuka kuwa jina la kila laghai katika mazungumzo ya watu, sasa uko katika Kifungu cha 318. Kitabu cha mazoezi kilichochapwa kabla ya tarehe hiyo kitampotosha msomaji wake. Mfasiri naye asiandike "Kanuni ya Adhabu ya India" bila ya kutaja mwaka, kwa kuwa jina hilo sasa ni la sheria iliyopita. Majina mapya yabaki kama yalivyo, yakifuatwa na maelezo mafupi.

(d) Hesabu

Wahindi huhesabu kwa "lakh", yaani 100,000, na "crore", yaani 10,000,000. Neno la kwanza Waswahili wamelichukua zamani, nalo ni "laki", pamoja na ndugu zake wa biashara kama vile hundi, bima na cheti. Kwa hiyo laki 48 ni milioni 4.8, na mfasiri anaweza kuandika yote mawili. Neno la pili hatukulichukua. Ni bora kuandika "milioni 10". Aidha, mkato huwekwa mahali tofauti: laki moja huandikwa huko 1,00,000. Mfasiri anayenakili tarakimu bila ya kuzisoma atamfanya msomaji adhani kuna sifuri iliyopotea.

5. Istilahi za mtihani zinazopendekezwa

Maneno yafuatayo hutumika katika kuzungumzia mitihani ya namna hii. Baadhi yamekwisha kuzoeleka, mengine tunayatoa ili yajadiliwe.

Maarifa ya jumla: ujuzi wa mambo mbalimbali usiofungamana na somo moja. Isichanganywe na Maarifa ya Jamii, ambayo ni somo la shule.

Matukio ya karibuni: mambo yaliyotokea katika miezi ya karibu kabla ya mtihani.

Shina la swali: sehemu ya swali inayotangulia majibu ya kuchagua.

Kipotoshi: jibu lisilo sahihi linalowekwa pamoja na jibu sahihi. Kipotoshi kizuri humpoteza asiyejua; kibaya humpoteza ajuaye.

Makato ya alama: alama zinazoondolewa kwa sababu ya jibu lisilo sahihi.

Alama ya kufaulu: kiwango kinachowekwa kabla ya mtihani.

Alama ya mchujo: kiwango kinachopatikana baada ya mtihani kwa kulinganisha alama za watahiniwa na idadi ya nafasi. Mtu aweza kufaulu na bado akaachwa na mchujo. Hizi mbili zisiitwe kwa jina moja.

Ufunguo wa majibu: orodha ya majibu sahihi inayotolewa na watahini.

Pingamizi: hoja ya mtahiniwa dhidi ya swali au jibu lililomo katika ufunguo.

Usawazishaji wa alama: hesabu ya kulinganisha watahiniwa waliofanya karatasi tofauti siku tofauti.

Hitimisho

Tumeona makosa ya aina tatu: neno rasmi lisilofahamika kwa mtahiniwa, neno la kale lililobaki ofisini, na neno la mfasiri lililokosewa. Yote matatu humwangukia mtu mmoja, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kulalamika. Katika baadhi ya mitihani ya taifa nchini India karatasi huonya kwamba nakala mbili zikihitilafiana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Onyo hilo humlinda mtahini. Halimsaidii mtahiniwa, ambaye ameisoma nakala ile nyingine kwa sababu ndiyo aliyopewa.

Kwa hiyo tunawashauri wote wanaotunga au kutafsiri maswali, yawe ya shule, ya usaili wa kazi au ya vyeo, wafuate utaratibu rahisi. Swali likishatafsiriwa, apewe mtu wa pili alirudishe katika lugha ya kwanza bila ya kuiona asili yake. Kisha apewe mtu anayelijua jambo lenyewe barabara lakini asiyeijua lugha ya asili. Akilikosa, asilaumiwe, litazamwe neno. Na istilahi mpya isiingizwe katika mtihani kabla ya kupita darasani, kwa maana chumba cha mtihani si mahali pa kumjulisha mtu neno.

Kiswahili ni lugha ya mtihani kwa watoto wengi wa shule za msingi na kwa watu wazima wengi wanaotafuta kazi. Kila istilahi tunayoipitisha, siku moja itasomwa na mmoja wao akiwa peke yake, bila ya kamusi na bila ya mtu wa kumwuliza. Wajumbe wa kamati za istilahi wangefanya vyema kumkumbuka mtu huyo wanapopiga kura.